Pampu isihukumiwe kabla chujio halijafunguliwa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie tabia iliyoota mizizi hapa Kisumu na ambayo mafundi wenzangu wa Nakuru na Kakamega wananiambia haiko kwetu peke yetu. Mashine ya kufulia nguo ikikataa kutoa maji, mwenyewe huambiwa papo hapo kwamba pampu imeungua, hutakiwa alipie pampu mpya pamoja na kazi ya kuifunga, na mara nyingi haonyeshwi hata ile iliyotolewa. Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme vya nyumbani na kazi hii ndiyo inayonilisha, kwa hivyo siandiki kwa kuwachukia wenzangu. Naandika kwa sababu sehemu kubwa ya mashine ninazoitiwa zikiwa zimejaa maji hazihitaji kipuri chochote; huhitaji kusafishwa, au paipu yake ihamishwe pale ilipowekwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kuondoka.

Kwanza mwenye mashine aijue mashine yake, kwa maana si kila mashine ina pampu. Zile za matangi mawili, ambazo tangi moja hufua na la pili hukamua, zimependwa sana katika nyumba za kupanga kwa kuwa bei yake ni nafuu na zinakubali maji ya kumiminwa kwa ndoo siku ambayo mfereji umekauka. Nyingi kati yazo hutoa maji kwa mteremko tu. Mtu anapozungusha kitufe cha kutolea maji, ukanda mwembamba uliofichwa chini ya paneli huvuta kizibo cha mpira kilicho kwenye sakafu ya tangi, kizibo huinuka, na maji hushuka kwa uzito wake mwenyewe hadi kwenye paipu. Ukanda huo ukichomoka kwenye ndoano yake, kitufe huzunguka kilaini bila kuvuta chochote na maji hubaki palepale. Kuurudisha ni kazi ya bisibisi na dakika chache. Kizibo kikikwamishwa na kifungo cha shati au na nyuzi zilizofumana, hakitainuka ipasavyo, au kitainuka kisha kikatae kukaa mahali pake, na hapo malalamiko yatageuka na kuwa kwamba mashine haishiki maji. Mteja mwenye mashine ya namna hii aliyetozwa fedha za pampu ametozwa fedha za kifaa ambacho mashine yake haina hata mahali pa kukifunga. Nimekutana na wateja wa aina hiyo, na sina lugha ya upole zaidi ya kulielezea jambo hilo.

Ziko pia mashine za tangi moja zenye mfuniko wa juu ambazo, badala ya pampu, zina mota ndogo inayovuta vali ifunguke ili maji yashuke yenyewe. Pampu hasa utaikuta kwenye mashine zenye mlango wa mbele, na katika baadhi ya zile za mfuniko wa juu.

Tofauti hii ndiyo chanzo cha kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, nalo ni la paipu. Mashine ya mteremko inataka paipu yake ilale chini kuanzia mashine hadi kwenye tundu la maji machafu. Sasa, nyumba zetu nyingi zina kizingiti mlangoni mwa bafu, na mashine huwekwa nje ya kizingiti hicho, jikoni au koridoni. Paipu ikipandishwa juu ya kizingiti, maji yaliyo chini ya usawa huo hayatatoka, na tangi la kukamua, ambalo hutumia njia hiyohiyo, litaanza kuzunguka ndani ya maji na kulalama. Hapo dawa ni kuinua mashine juu ya stuli imara ya mbao au ya chuma, au kuihamishia upande wa ndani wa kizingiti.

Mashine ya pampu inataka kinyume chake kabisa. Watengenezaji wengi huelekeza kwamba ncha ya paipu iwe kwenye kimo cha kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni, ama kwenye bomba lililosimama ukutani, ama ikiwa imeangikwa kwenye ukingo wa sinki. Mtu aliyezoea matangi mawili anaponunua ya mlango wa mbele huendelea na mazoea yake: anaitupa paipu sakafuni mwa bafu. Matokeo yake ni kwamba maji hutoka kadiri yanavyoingia, mashine huendelea kuyaita bila kujaa, na bili ya maji hupanda mwezi baada ya mwezi kabla mtu hajagundua. Wengine huipitisha paipu dirishani, juu mno, nayo pampu inalazimika kuyasukuma maji hadi kimo ambacho haikuundiwa, na kila inapozimika maji yaliyokuwa njiani hurudi tangini. Wapo pia wanaoisukuma paipu ndani kabisa ya bomba la ukutani kisha wakaziba pembeni kwa gundi au matambara ili harufu isitoke. Hewa ikikosa kupita hapo, maji yanaweza kuvutwa yenyewe wakati ambapo mashine bado inafua, au uchafu wa bomba ukarudi ndani ya nguo. Na kabla ya yote hayo, mtu asogeze mashine kutoka ukutani na kuangalia nyuma yake, kwa sababu paipu iliyobanwa kati ya mashine na ukuta huziba sawasawa na ile iliyojaa matope.

Paipu ikiwa sawa na maji bado hayatoki, mwenye mashine atege sikio wakati wa kutoa maji. Ikiwa pampu inanguruma kwa sauti nzito na hakuna kinachotoka, umeme unaifikia lakini kuna kitu kimeikamata. Ikiwa inazunguka kwa wepesi na maji yanatoka kama ya kudondoka, njia imeziba mbele yake au nyuma yake, au lile gurudumu dogo lenye mapanga limelegea kwenye mhimili wake. Kimya kabisa ndicho kinachoelekeza kwenye umeme: waya iliyokatika, soketi iliyolegea, pampu yenyewe, au bodi ya kielektroniki inayoiamuru. Fundi anayetaja pampu mpya kabla ya kuisikiliza ile iliyopo anabahatisha kwa fedha za mwenzake.

Maandishi yanayojitokeza kwenye kioo cha mashine nayo hutumiwa vibaya. Mashine za LG huandika OE, za Samsung huandika 5E au 5C, na za Bosch huandika E18, na nimesikia mteja akielezwa kwamba alama kama hiyo ni ushahidi kuwa pampu imekufa. Alama hizo husema jambo moja tu, kwamba maji hayajatoka katika muda uliowekwa. Hazisemi kwa nini. Paipu iliyokunjika italeta alama ileile ambayo ingeletwa na pampu iliyoungua.

Nije sasa kwenye chujio, ambalo kwa mashine nyingi za mlango wa mbele liko chini upande wa kulia au wa kushoto, nyuma ya kifuniko kidogo cha plastiki kinachofunguka kwa kucha au kwa sarafu. Kabla ya kukigusa, plagi ichomolewe kabisa ukutani. Kuzima swichi ya mashine hakutoshi, hasa katika bafu lenye sakafu ya maji. Kama mashine ilikuwa inafua kwa nyuzi 60, maji yaachwe yapoe, kwani yatatoka karibu na mikono na miguu ya anayefungua. Mlango usilazimishwe kufunguka. Mashine nyingi huufunga mlango kwa makusudi maji yakiwa ndani, na kufuli lake mara nyingi huchukua dakika moja au mbili kuachia hata baada ya umeme kukatika. Nimebadilisha vishikio vingi vilivyovunjwa na watu waliovuta kwa hasira, na hicho nacho ni kipuri ambacho hakikuhitajika.

Karibu na chujio, mashine nyingine huwa na paipu nyembamba yenye kizibo, iliyowekwa hapo kwa ajili ya dharura. Ikiwepo, maji yatolewe kwanza kupitia hiyo hadi yaishe. Isipokuwepo, litandikwe tambara kuukuu, liwekwe sinia au chombo kingine bapa kinachoweza kuingia chini ya mdomo wa chujio, kisha chujio lizungushwe kidogokidogo kuelekea kushoto, maji yapokewe, lifungwe, chombo kimwagwe, kazi irudiwe. Mashine inaweza kuwa na lita 10 au zaidi ndani yake, na anayelichomoa chujio kwa mkupuo mmoja atafanya kazi ya kupiga deki ambayo hakuipangia siku hiyo.

Chujio likishatoka, ndipo siri za nyumba huonekana. Sarafu za shilingi tano na kumi, pini za nywele, waya za sidiria, vijiti vya meno, soksi za mtoto, kokoto zilizotoka mfukoni mwa mwanafunzi, karatasi iliyogeuka uji, na risiti za duka ambazo hakuna atakayekubali kuwa ni zake. Baada ya kuvitoa vyote, mtu achukue tochi ya simu na kutazama ndani ya tundu. Ataona lile gurudumu la mapanga. Aliguse kwa kijiti, si kwa kidole kitupu, maana sindano na vipande vya vioo navyo hufika huko, kisha alizungushe. Hapa pana jambo ambalo limewapotosha hata mafundi: gurudumu hili halizunguki kwa ulaini kama la baiskeli. Ndani ya pampu nyingi za siku hizi kuna sumaku ya kudumu, nayo hulifanya gurudumu liende kwa kurukaruka, likikwama kidogo na kuachia, likikwama na kuachia. Hiyo ni hali yake ya kawaida na si ugonjwa. Tena pampu ya aina hiyo inaweza kuanza kuzunguka upande wowote na bado ikatoa maji, kwa hivyo anayeambiwa kwamba pampu yake "inazunguka kinyume" aombe maelezo zaidi kabla ya kutoa pochi. Ugonjwa ni pale gurudumu linapokataa kabisa kuzunguka hata baada ya uchafu kuondolewa, linapozunguka bila mruko wowote kwa kuwa limeachana na mhimili, au mapanga yake yanapokuwa yamevunjika.

Chujio lioshwe kwa maji na mswaki mkuukuu, mpira wake wa kuzuia maji uangaliwe kama haujapasuka, lirudishwe na kukazwa vizuri. Mashine ijaribiwe kwanza kwa maji matupu bila nguo, huku mtu akitazama kama chini panavuja. Nyumba inayofua kila juma ingefanya vyema kulifungua chujio mara moja kwa mwezi.

Kuna uchafu usiofika kwenye chujio, na kwa huo hali zetu za hapa zina mchango wake. Maji ya mfereji yakikatika, watu hununua ya mikokoteni au hutumia ya visima, na baadhi yake huja na mchanga mwembamba. Maji yanayoingia kwa paipu hupita kwenye vichujio vidogo vilivyo nyuma ya mashine. Yanayomiminwa kwa ndoo hayapiti popote, na mchanga huo pamoja na nyuzi za nguo na sabuni iliyoganda hutulia kwenye mikunjo ya paipu na katika mpira unaounganisha tangi na pampu. Pampu ikiwa nzima na chujio likiwa safi, mpira huo ndio unaofuata kufunguliwa, na ni hapo ambapo nimekuta soksi zilizotafutwa nyumba nzima. Ndoo ya maji iachwe itulie kwanza, na yale ya chini yasimiminwe.

Sabuni nayo ina lake. Sabuni ya unga iliyotengenezwa kwa ajili ya kufulia kwa mikono hutoa povu jingi, kwa kuwa anayefua kwa mikono hupenda kuliona, na dada anayekuja kufua, ambaye amefua kwa karai miaka yote, hupima kwa jicho lilelile anapokabidhiwa mashine. Pampu haina uwezo wa kusukuma povu. Huvuta hewa, hunguruma na kuacha maji nyuma. Mashine ikiwa imejaa povu, iachwe litulie, kisha itolewe maji na kusuuzwa, na safari inayofuata sabuni iwe ya mashine na ipunguzwe. Sioni haki ya kumlaumu dada huyo ikiwa hakuna aliyemwonyesha kipimo.

Kwa wanaoishi kwenye maghorofa, jaribio moja huokoa muda mwingi: paipu itolewe kwenye bomba la ukutani na kuelekezwa ndani ya ndoo, kisha mashine iamriwe itoe maji, mtu akiwa tayari kuisimamisha mashine pindi ndoo inapokaribia kujaa. Yakitoka kwa nguvu, mashine haina hatia, na anayehitajika ni fundi wa mabomba, ambaye ataitwa na mwenye nyumba na si na mpangaji.

Sitaki nieleweke kwamba pampu haziharibiki. Huharibika, na kuna njia ya kulithibitisha jambo hilo mbele ya mteja. Mashine ikiwa imechomolewa umeme, fundi hupima koili ya pampu, yaani waya uliozungushwa ndani yake, kwa mita ya umeme. Kwa pampu nyingi za umeme wetu wa volti 240, kipimo cha ukinzani wa koili huwa kati ya omu 100 na 200 hivi. Mita ikionyesha kwamba koili imekatika, hukumu imetoka na hakuna wa kubisha. Koili ikiwa nzima na gurudumu likizunguka inavyotakiwa, pampu iachwe ilipo na uchunguzi uhamie kwenye nyaya, kwenye swichi ya kupima kimo cha maji, ambayo kimrija chake cha hewa huzibwa na sabuni iliyoganda, na mwisho kabisa kwenye bodi. Kazi ya bodi si ya mwenye mashine, na kusema kweli si ya kila fundi.

Kipengele cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa mteja haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari zitakazomwezesha kufaidika nazo kikamilifu. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 nayo inagusia matengenezo ya bidhaa na makadirio ya gharama zake. Kwa hivyo mteja anayeomba aandikiwe gharama kabla ya kazi kuanza, aone chujio likifunguliwa, aone mita ikisoma, na akabidhiwe pampu iliyotolewa, hamvunjii fundi heshima. Mimi huwakabidhi wateja wangu kipuri kibovu hata wasipokiomba, na wengine hushangaa nakitoa cha nini. Fundi naye alipwe kwa uchunguzi na usafishaji kama kazi kamili, kwani tabia ya baadhi ya wateja kukataa kulipa "kwa sababu hujaweka kitu kipya" ndiyo inayowasukuma wengine kuweka kitu kipya. Lawama hapa ina pande mbili, na upande wa wateja husahauliwa.

Wauzaji wana sehemu yao. Duka linalotuma kijana na pikipiki ya magurudumu matatu kuiteremsha mashine mlangoni na kuondoka limeuza nusu ya bidhaa. Dakika 10 za kuonyesha chujio lilipo, paipu inapokaa na kiasi cha sabuni zingewaondolea wateja gharama nyingi, na kijitabu cha maelezo kingewafaa wengi zaidi kama kingekuwa na kurasa chache za Kiswahili. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Machi 2021, watengenezaji wa mashine hizi wanalazimika kuhakikisha kwamba mafundi wanapata vipuri, pampu zikiwemo, kwa muda usiopungua miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya toleo hilo kuingia sokoni. Wanaoingiza mashine nchini mwetu waulizwe na wanunuzi watawekeza nini katika vipuri, na waulizwe kabla ya fedha kutolewa.

Na wenye nyumba wanaojenga sasa, kuanzia Mamboleo hadi Kiboswa, wawaambie mafundi wao wa mabomba waache bomba la maji machafu lililosimama ukutani kwa kimo cha sentimita 60 au zaidi, lenye mkono wa kuzuia harufu chini yake, karibu na mfereji na soketi. Bomba hilo ni rahisi kuwekwa kabla ya vigae kubandikwa, na mpangaji atakayeingia na mashine hatalazimika kuitandaza paipu yake juu ya kizingiti cha bafu.

Fundi wa vyombo vya umeme,
Kondele, Kisumu